Ukuta Kwanza, Ujumbe Baadaye: Tabia ya Uchoraji wa Ukutani wa Meksiko

Uchoraji wa ukutani wa Meksiko husimuliwa mara nyingi kama sura ya historia ya siasa. Palikuwa na mapinduzi, serikali mpya ikawaita wachoraji, nao wakazijaza kuta za wizara na shule kwa picha za wakulima, wafanyakazi na mashujaa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajibu swali la msingi. Picha za wakulima na mashujaa zilichorwa katika nchi nyingi katika karne ya 20, na nyingi kati ya hizo leo hazimsisimui mtu. Kwa nini zile za Meksiko bado zinamsimamisha mtazamaji, hata asiyejua jina la shujaa mmoja aliyechorwa humo?

Jibu ninaloliona liko katika ukuta wenyewe. Wachoraji hawa waliuheshimu ukuta: chokaa yake, kona zake, ngazi zilizo mbele yake na watu wanaopita chini yake kila siku. Tukielewa namna ukuta ulivyouongoza mkono wa mchoraji, tutaelewa pia kwa nini watu watatu, Diego Rivera, José Clemente Orozco na David Alfaro Siqueiros, walioishi zama zilezile, wakitumikia mapinduzi yaleyale, waliacha kazi zisizofanana hata kidogo.

Ukuta ulipatikanaje

Mapinduzi ya Meksiko yalianza mwaka 1910 dhidi ya Porfirio Díaz, aliyekuwa ameishika nchi kwa zaidi ya miaka 30. Vita viliendelea kwa takriban miaka kumi. Álvaro Obregón alipoingia madarakani mwishoni mwa 1920, alikuta nchi iliyochoka na yenye wananchi ambao zaidi ya nusu yao hawakujua kusoma. Mwaka 1921 iliundwa Wizara ya Elimu ya Umma, ikakabidhiwa kwa mwanafalsafa José Vasconcelos. Huyu alituma walimu vijijini, akachapisha vitabu kwa bei nafuu, akafungua maktaba, na akawapa wachoraji kuta za majengo ya serikali. Jambo la maana zaidi ni kwamba hakuwapangia kwa undani cha kuchora.

Kazi ilianza mwaka 1922 katika Shule ya Taifa ya Maandalizi, iliyokuwa ndani ya jengo la San Ildefonso, chuo cha kale cha Wajesuiti katikati ya Jiji la Meksiko. Diego Rivera, aliyerejea kutoka Ulaya mwaka uliotangulia, alichora humo *Uumbaji* kwa rangi iliyochanganywa na nta ya moto. Ni kazi nzuri ya mtu anayejifunza: wanawake wakubwa waliosimama kwa utulivu, mng'ao wa dhahabu, na harufu ya makanisa ya Italia zaidi kuliko ya mashamba ya Meksiko. Karibu naye Jean Charlot, mzaliwa wa Ufaransa, alikuwa juu ya ngazi akichora mauaji yaliyofanywa na Wahispania katika Hekalu Kuu la Waazteki. Wengine walikuwa vijana wa miaka ishirini na kidogo. Waliunda chama chao cha wafanyakazi, na katika tamko lao walikataa mchoro mdogo wa fremu unaoishia sebuleni mwa tajiri. Walitaka sanaa isiyoweza kununuliwa na kubebwa nyumbani.

Lugha ya kuchora waliichota kwenye visima kadhaa. Cha kwanza ni Italia, ambako Rivera alizunguka kabla ya kurudi akitazama michoro ya makanisa ya enzi za mchoraji Giotto. Cha pili ni Meksiko ya kale, yaani sanamu za mawe, maandishi ya picha na kuta za Teotihuacan. Cha tatu ni mtaa. José Guadalupe Posada, mchongaji wa picha za kuchapa aliyefariki mwaka 1913, alikuwa ameuzoesha umma mifupa inayocheza na kupanda baiskeli katika karatasi za bei ndogo, na Rivera na Orozco wote walimhesabu kuwa mwalimu wao. Kuta za vilabu vya pombe ya kienyeji nazo zilikuwa zimepakwa picha na mafundi wasiojulikana majina tangu zamani. Kwa hiyo uchoraji huu haukushushwa kwa watu kutoka juu. Sehemu kubwa ya sarufi yake ilikuwa tayari mikononi mwao.

Chokaa ina masharti yake

Mbinu kuu ya miaka ya mwanzo ilikuwa fresko, yaani kuchora juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa huchomwa, huzimwa kwa maji na kuachwa itulie muda mrefu, kisha huchanganywa na mchanga au unga wa marumaru. Fundi hupiga lipu tabaka juu ya tabaka. Tabaka la mwisho, jembamba na laini, hupigwa siku ileile ya kuchora, tena kwa kipimo: sehemu ile tu ambayo mchoraji ataimaliza kabla haijakauka. Rangi ni unga wa udongo na madini uliosagwa na kulowekwa kwa maji matupu, pasipo gundi wala mafuta. Chokaa inapokauka hunyonya hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, na chembe za rangi hufungwa ndani ya jiwe hilo. Ndiyo maana fresko iliyopigwa vizuri haibanduki kama ganda la rangi; ili kuiondoa inabidi uvunje ukuta.

Masharti haya yanaonekana katika kila mchoro. Kwa kuwa saa ni chache na makosa hayafutiki, umbo lazima lijulikane kabla brashi haijagusa ukuta; hivyo miili ni mizito, imezungushiwa mistari wazi, na vitu vidogovidogo vimeachwa. Kwa kuwa chokaa huunguza rangi nyingi, zinabaki chache zinazoivumilia: wekundu na manjano ya udongo, weusi wa mkaa, kijani na buluu za madini. Kwa kuwa uso wa lipu haung'ai, picha inaonekana sawasawa kutoka kushoto, kulia na chini, jambo ambalo mchoro wa mafuta wenye kuakisi mwanga hauliwezi. Na kwa kuwa hakuna mtu mmoja anayeweza kupiga lipu, kusaga rangi, kuhamisha ramani ya mchoro na kuchora kwa siku moja, kazi ni ya kikundi. Xavier Guerrero, aliyeijua kazi ya lipu, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Rivera kupata mchanganyiko unaofaa. Walijaribu hata utomvu wa nopali, mmea wa jamii ya dungusi kakati, lakini wakauacha.

Basi ule uzito wa maumbo ambao wengi huuhesabu kuwa ni mtindo wa kimapinduzi ulitoka kwa kiasi kikubwa katika mazungumzo kati ya mkono na chokaa.

Rivera: kupanga umati

Rivera alizaliwa Guanajuato mwaka 1886, na sehemu kubwa ya ujana wake wa kisanaa aliitumia Ulaya, hasa Paris, ambako alipita katika uchoraji wa kubisti pamoja na kina Picasso. Ukubisti ulimfundisha kuvunja upeo mmoja wa macho na kuweka vitu vingi katika bapa moja bila kuonyesha umbali kati yao. Aliporudi nyumbani aliacha vipande vyenye ncha kali vya mtindo huo, lakini somo hilo hakuliacha.

Kati ya 1923 na 1928 alizichora nyua mbili za jengo la Wizara ya Elimu, ghorofa tatu, zaidi ya sehemu 200. Tazama mojawapo, *Kutoka Mgodini*. Mchimbaji amefika juu ya ardhi na amenyoosha mikono pande zote mbili ili apekuliwe, asije akawa ameficha madini. Mikono ile tu inatosha kueleza dhuluma: katika nchi ya Wakatoliki, kila anayepita chini yake anaiona picha ya msalaba kabla hajafikiri. Rivera amechukua umbo ambalo watu wamelibeba moyoni tangu utotoni na kumvalisha kibarua. Hapo ndipo ustadi wake ulipo. Hamwelezi mtazamaji jambo jipya. Anakihamisha kile ambacho mtazamaji anakiheshimu na kukiweka mahali ambapo hakuzoea kukiona.

Kazi yake iliyo pana zaidi iko kwenye ngazi kuu ya Ikulu ya Taifa, aliyoichora kati ya 1929 na 1935. Ukuta wa kulia unaonyesha dunia ya kale kabla ya Wahispania kufika. Ule wa kati, uliogawanywa na matao matano, una vita vya uvamizi chini, tai juu ya dungusi kakati katikati, na mapambano ya uhuru na mapinduzi juu. Ukuta wa kushoto ni wa migogoro ya siku za Rivera mwenyewe na matarajio yake, na Karl Marx amesimama juu yake. Mamia ya watu wamebanana humo, wala hakuna nafasi ya mtu mmoja kupumua.

Wakosoaji wamelalamika kwamba msongamano huo unachosha, na mbele ya picha ya kitabuni wana haki. Lakini mchoro huu haukutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kitini. Umezunguka ngazi. Anayeanza kupanda anakutana kwanza na miili ya wapiganaji ikiwa karibu sawa na macho yake. Akizidi kupanda, karne zinashuka na zama za karibu zinajitokeza. Kuuona wote kwa mara moja hawezi, na ndivyo mchoraji alivyotaka. Historia, kwa Rivera, ina mpangilio na ina mwelekeo, na mtazamaji anaupata mwelekeo huo kwa miguu yake.

Orozco: kidonda kisichofungwa

José Clemente Orozco, mzaliwa wa Jalisco mwaka 1883, alipoteza mkono wa kushoto ujanani kwa mlipuko wa baruti. Alianza kama mchora vikaragosi, na miaka ya vita aliiona kwa karibu. Kile Rivera alichokitazama kutoka Ulaya kama mwamko wa taifa, Orozco alikitazama kama damu, uporaji na maiti.

*Handaki*, aliyoichora mwaka 1926 katika Shule ya Maandalizi, ina watu watatu tu. Mmoja amepiga magoti na kujifunika uso kwa mkono. Wawili wengine wameanguka juu ya boma, mwili mmoja ukikatiza mwingine kwa mshazari, na nyuma yao ni wekundu mzito. Hakuna bendera wala jina, na nyuso hazionekani. Hatuwezi hata kusema wanapigania upande gani. Mistari ya mshazari ya miili na magogo inasukumana ndani ya tao la jengo kana kwamba nafasi ni ndogo mno kuyabeba maumivu yale. Rivera angeujaza ukuta huo kwa watu arobaini. Orozco anatoa kila kitu mpaka kinabaki kisichoweza kutolewa.

Kati ya 1938 na 1939 alichora ndani ya kanisa la zamani la Hospicio Cabañas huko Guadalajara, jengo lililokuwa makao ya yatima. Michoro yake humo ni 57. Kwenye kuba amemweka *Mtu wa Moto*: mwili unaonekana kutoka nyayoni, umefupishwa kwa mtazamo wa chini, ukipanda ndani ya miale, huku watu wa kijivu wakiwa wamelala kuzunguka ukingo. Ukisimama chini ya kuba, huna budi kuinua kichwa, na mtu yule anakukimbia kuelekea juu. Je, anateketea au anazaliwa? Orozco hakujibu, na usanifu wa kuba unamsaidia kutojibu, maana mduara hauna mwanzo wala mwisho wa kusoma.

Sifa za mkono wake ni hizi: rangi chache, hasa nyeusi, kijivu na nyekundu, mipigo ya brashi iliyoachwa wazi, na kukataa kumsifia yeyote. Mvamizi wa Kihispania, kuhani wa Kiazteki, mwanasiasa wa mapinduzi, wote wanapitishwa katika moto uleule. Kwa sababu hiyo kazi zake zimezeeka polepole kuliko hotuba za wakati wake.

Siqueiros: ukuta unaotembea

David Alfaro Siqueiros, mdogo kwao kwa umri, alizaliwa mwaka 1896 na alipigana katika jeshi la mapinduzi akiwa kijana. Yeye aliuliza swali ambalo wenzake hawakulipenda: kwa nini sanaa ya mapinduzi itumie mbinu za karne ya 14? Jengo la zege linahitaji zana za kiwandani. Huko Los Angeles mwaka 1932 alichora kwenye ukuta wa nje, juu ya saruji, akitumia mashine ya kupulizia rangi. Waliomwajiri walitarajia Amerika ya kitropiki yenye minazi na raha. Yeye alichora magofu, msitu, na katikati mwenyeji aliyefungwa msalabani huku tai akiwa amesimama juu yake. Haukupita muda mrefu mchoro ukapakwa chokaa nyeupe. Baada ya kazi ndefu ya uhifadhi, ulifunguliwa tena kwa umma mwaka 2012, rangi zake zikiwa zimefifia sana.

Mfano wa karibu wa fikra zake uko katika ngazi za jengo la chama cha mafundi umeme, Jiji la Meksiko, uliochorwa na kikundi chake kati ya 1939 na 1940. Walitumia rangi ya pairoksilini, ile ya kupakia magari, na projekta ya umeme kurushia picha ukutani. Kuta tatu na dari vimeunganishwa kuwa picha moja. Siqueiros alipima kwanza mtu anayepanda ngazi anasimama wapi na anageuka wapi, kisha akapinda maumbo ili yanyooke kwa jicho linalotembea. Kona ya ukuta, ambayo wachoraji wengine waliihesabu kuwa mpaka, inamezwa na mchoro. Mhubiri wa siasa mwenye kichwa cha kasuku, majeshi, mashine za fedha na minara ya umeme, vyote vinahama kadiri unavyopanda. Siqueiros hakuimaliza kazi hiyo yeye mwenyewe. Mwezi Mei 1940 aliongoza shambulio dhidi ya nyumba ya mwanamapinduzi wa Kirusi Leon Trotsky, akakimbia, na Mhispania Josep Renau akaikamilisha. Jambo hilo ni doa, na sifa ya ufundi wake hailifuti.

Mwaka 1936 alikuwa amefungua karakana ya majaribio huko New York, ambako rangi zilimwagwa, zilinyunyizwa na kuachwa zitiririke. Miongoni mwa vijana waliohudhuria alikuwa Jackson Pollock.

Palipokuwa na upungufu

Sanaa inayolipwa na dola ina bei yake. Mwaka 1924 wanafunzi wenye hasira waliishambulia michoro ya Shule ya Maandalizi, na Orozco na Siqueiros wakaondolewa kazini, ingawa Orozco alirudi baadaye. Serikali zilizofuata zilijifunza kuuenzi mchoro huku zikimfunga mchoraji: Siqueiros alikuwa gerezani kuanzia 1960 hadi 1964. Kidogo kidogo picha za Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima katika mapinduzi, zikawa pambo la ofisi za watu waliokwisha kuyaacha mambo aliyoyapigania. Fedha za matajiri nazo hazikuwa salama zaidi. Mchoro wa Rivera katika Rockefeller Center, New York, ulivunjwa mwaka 1934 kwa sababu alikataa kuuondoa uso wa Lenin. Aliuchora upya mwaka huohuo katika Jumba la Sanaa la Jiji la Meksiko.

Upungufu mwingine ulitoka ndani. Aurora Reyes alichora mwaka 1936, katika shule moja ya jiji hilo, shambulio dhidi ya mwalimu wa kijijini: mwanamke yuko chini, mwanamume mmoja anamvuta nywele, mwingine anampiga kwa kitako cha bunduki, na watoto wanachungulia kwa hofu. Ni mchoro wenye nguvu sawa na mingi ya wanaume, lakini jina lake halikutangazwa kama yao. María Izquierdo alipopewa ukuta mkubwa wa serikali mwaka 1945, mkataba ukafutwa. Rivera na Siqueiros walisema hana uzoefu wa fresko. Watu waliodai ukuta ni wa wote walimfungia mwenzao mlango.

Hukumu

Kwa hiyo tabia ya uchoraji huu hatuwezi kuieleza kwa neno moja kama "uzalendo" au "ukomunisti". Waliouanzisha hawakukubaliana hata juu ya maana ya mapinduzi. Kilichowaunganisha ni nidhamu: mchoro uzaliwe na jengo, utii au uyashinde masharti ya malighafi yake, na umhesabu mtazamaji kuwa mtu mwenye miguu, kumbukumbu na akili. Rivera aliitumia ngazi kupanga karne, Orozco akalitumia tao kubana maumivu, Siqueiros akaivunja kona ili picha iende na mtu.

Leo miji mingi inapaka kuta zake picha za viongozi, wachezaji na kaulimbiu, na mara nyingi ukuta unatumika kama bango kubwa tu: picha ileile ingeweza kuwekwa popote. Funzo la Meksiko kwa yeyote anayekabidhiwa ukuta wa shule, hospitali au stesheni ni kwamba aanze kwa kuchunguza nani hupita hapo, hupita akitoka wapi, jua linapiga upande gani na lipu ni ya aina gani, ndipo aulize anataka kusema nini. Ujumbe mzuri hauokoi mchoro mbovu. Mchoro mzuri ndio huubeba ujumbe hadi kwa wajukuu, hata pale walioulipia wanapokuwa wamesahauliwa.